Nilibadilisha Maneno Mawili Tu

Mungu aliponiumba alininyima mengi, lakini mdomo alinipa bila kupima. Naitwa Nyakerario. Nimezaliwa Migori mjini, kwa wazazi Wakisii waliokuja kuuza ndizi na hawakurudi kwao. Shuleni nilikuwa nikiwaandikia wenzangu barua za kuomba msamaha kwa walimu, na walimu walikuwa wakisamehe. Nipe mawe niuze, nitakuuzia, na kesho utarudi kuuliza kama yamebaki. Sisemi haya kwa majivuno. Huo mdomo ndio umenifikisha mahali ambapo natembea Migori nikiangalia viatu vyangu.

Ilianza na simu ya Tony kutoka Mbita.

"Nyake," akasema, "niko na kitu kizuri na hakuna mtu anakitaka."

"Kama unajizungumzia, hata mimi sikutaki," nikamjibu. Tulisoma chuo pamoja, kwa hivyo tunatukanana kwa amani.

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Watu wanaotengeneza tovuti hawaanzi kila kitu upya. Huchukua mifupa iliyokwisha kuundwa, wao wanaiita framework, halafu wanaivalisha nyama. Tony alikuwa ameunda mifupa yake kwa lugha ya JavaScript, akaiita Omena, jina la dagaa wa ziwani kwetu, kwa sababu ni midogo, kisha akaiweka mtandaoni bure kabisa. Anayetaka achukue, asome ilivyoundwa, airekebishe apendavyo. Kazi yake kubwa ni moja. Ukiandika jambo kwenye tovuti iliyojengwa kwa Omena, halafu mtandao ukatike, ulichoandika hakipotei. Kinangoja ndani ya simu mpaka mtandao urudi, kisha kinajituma chenyewe. Kwa mtu aliyekulia Mbita, mwenye wajomba katika visiwa vya Takawiri na Remba, ambaye simu yake hukatika katikati ya sentensi kila mashua ikiingia majini, hilo si jambo dogo. Tony alilifanyia kazi miaka miwili, katika chumba kilicho nyuma ya duka la nyavu la dada yake Mourine.

Akanitumia ukurasa aliouandika mwenyewe wa kuitangaza. Nilisoma nikashika kichwa. Ulianza hivi: "Omena ni framework ndogo. Mara nyingi inafanya kazi. Kasoro tunazozijua ni hizi zifuatazo." Na zilizofuata zilikuwa nne, amezipanga kuanzia ile mbaya zaidi.

"Tony, umerogwa?" nikamuuliza. "Nani anauza ng'ombe akianza kuonyesha jino bovu?"

"Kizuri chajiuza."

"Kizuri chajiuza kikiwa sokoni watu wakakiona. Chako kimefichwa kati ya vingine elfu, na vyote ni vya bure. Hata cha bure lazima kiuzwe, wewe!"

Akacheka, akasema basi niandike mimi. Hakuwa na chochote cha kunipa na mimi sikuomba. Nilitaka jina. Nilitaka watu waone ule ukurasa waulize ni nani aliyeandika, na wakiambiwa ni msichana wa Migori, washangae. Hiyo ndiyo njaa niliyokuwa nayo, wacha niiseme ilivyo.

Nikaandika, jamani. "Mtandao ukikatika, wewe usikatike." Hiyo ilikaa juu kabisa, herufi kubwa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Chini yake: "Ndogo kama omena, na kama omena iliyokauka, haiozi." Zile kasoro nne nikazihamishia ukurasa wa nyuma, mahali ambapo mtu hafiki mpaka apotee. Tony alisoma akaguna, lakini nilisikia katika kule kuguna kwamba amependa.

Kilichobaki kilikuwa mtu. Ukurasa wa kutangaza bila mtu aliyetumia kitu na kukisifu ni kama harusi bila bibi harusi. Nikamuuliza Tony ni nani anayeitumia Omena.

"Mimi," akasema. "Na Mourine, nikimlazimisha."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine, Nyake. Ndiyo nakwambia hakuna mtu anakitaka."

"Atapatikana," nikamwambia.

Sasa sikiliza nilipompata. Kanisa letu la Sabato hapa Migori lina kipindi cha ushuhuda, Sabato alasiri, baada ya chakula. Mzee Motari husimama mbele na kuuliza nani ana neno la kusema juu ya alilotendewa na Bwana. Watu husimama mmoja mmoja. Shuhuda nyingine ni ndefu mpaka watoto wanalala. Lakini akisimama Mama Filister, hata wanaosinzia huamka.

Mama Filister ni rafiki ya marehemu mama yangu. Ni Mkisii kama sisi, na anauza omena katika soko la Migori, anazifuata mwenyewe mpaka Remba. Miaka minne iliyopita mashua aliyopanda na wachuuzi wenzake iliharibika injini upande wa nyuma ya Takawiri, upepo ukaanza kuwasukuma kusikojulikana. Siku hiyo hiyo binti yake Nyamusi alikuwa amelazwa Homa Bay, anajifungua, na damu ilikuwa imekataa kusimama. Filister alikuwa ameambiwa kwa simu dakika chache kabla simu haijakatika. Ushuhuda wake ni mfupi, na nimeusikia mara nyingi hata naujua kama jina langu. Anasema aliinama kati ya magunia, akazungumza na Mungu, na anamalizia hivi: "Nilimwambia nikiwa mahali ambapo hakuna anayenisikia. Nilipofika ufukweni, nikakuta hajapoteza hata neno moja." Nyamusi alikuwa hai. Mtoto alikuwa hai. Filister hukaa chini, na kanisa zima husema amina.

Unaona tayari nilichofanya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya tatu, Sabato mchana kweupe, Biblia mapajani, nikamsikia akiyasema tena, na badala ya kusema amina moyo wangu ulisema: haya, hii hapa!

Nilibadilisha maneno mawili tu. "Nilimwambia" likawa "Niliandika". "Hajapoteza" likawa "haijapoteza". Nikaongeza mtandao mahali palipohitaji. "Niliandika nikiwa mahali ambapo hakuna mtandao. Nilipofika ufukweni, nikakuta haijapoteza hata neno moja. Filister, mfanyabiashara wa omena, Remba." Nikaweka na picha yake niliyompiga siku ya ubatizo wa mjukuu wa Mzee Motari, anacheka, kitambaa cha kichwa cheupe. Tony nilimwambia kwamba ni mama wa kanisani kwetu, nimemwonyesha lile daftari la mauzo la kwenye simu alilojenga yeye kwa Omena, na amelipenda ajabu.

Sikumuuliza Filister. Sikumwambia hata. Nilijiambia mama wa sokoni hawezi kufika kwenye ukurasa wa watengenezaji wa tovuti, na kwamba maneno ni maneno, hayana mwenyewe. Mwizi hakosi la kujiambia.

Ukurasa ulipotoka, watu walikuja. Kuna mahali ambapo miradi kama hiyo huwekwa, na mtu akiupenda mradi anaubandikia nyota. Omena ilikuwa na nyota kumi na moja, na saba kati ya hizo ni za binamu zake Tony. Katika wiki tatu zikapita elfu mbili. Watu wa Brazil, watu wa India, wote wakinukuu yale maneno ya Filister. Si yangu ya omena iliyokauka, la. Ya Filister.

Ndipo Tony akanitumia ujumbe ambao bado ninao kwenye simu. Aliandika: "Nyake, sikukuambia. Mwezi ule nilikuwa nimeamua kuacha, hata barua ya kuomba kazi nilikuwa nimeandika. Halafu nikasoma maneno ya yule mama. Mtu mmoja kule majini ametumia kitu changu kikamfaa. Nikararua barua. Siku moja nitamsalimia kwa mkono."

Hapo ningesema. Hapo hapo. Nilikuwa na kidole juu ya simu. Nikaandika, "Mungu ni mwema," nikatuma. Hata leo nikikumbuka hayo maneno matatu masikio yananiwaka moto.

Kisha likaja shirika. Kuna watu wanaosaidia programu za bure zisife, na walikuwa wakichagua mradi mmoja wa kushika mkono. Mwakilishi wao alikuwa dada mmoja mtulivu wa Nairobi aitwaye Liz. Alimwandikia Tony kwamba atakuja Mbita na mwenzake mzungu, wangependa kuona anakofanyia kazi, na zaidi ya yote wangependa kukutana na Mama Filister. Tony alinipigia simu anapiga kelele za furaha. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Mtu mwenye akili angesema ukweli siku hiyo. Mimi nilikwenda sokoni.

"Mama," nikamwambia Filister, "kuna wageni wanakuja Mbita. Wamesikia habari zako za ziwani. Wanataka kukuona."

Alisimamisha mkono ndani ya gunia. "Wamesikia ushuhuda wangu?"

"Wamesikia."

"Huko Nairobi?"

"Huko Nairobi."

Wueh! Uso wa yule mama. Akapangusa mikono kwenye leso, akainua macho, akasema, "Bwana ana njia zake." Akaniuliza kama atapewa muda wa kuuanza mwanzo au wanataka mwisho tu. Siku ya safari alivaa nguo yake ya Sabato, ya bluu, ameipiga pasi mpaka mikunjo inasimama, na chini ya kwapa ameshika Biblia. Nilimwona hivyo nikasema nitamweleza tukifika Rongo. Rongo ikapita. Nikasema Homa Bay. Homa Bay ikapita, na Mbita tukashuka sijasema kitu.

Chumba cha Tony kilikuwa kimefagiwa. Mourine alikuwa ameleta soda na mandazi. Liz na yule mzungu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na ukutani Tony alikuwa amebandika ukurasa wangu, ameuchapisha mkubwa, picha ya Filister katikati. Filister aliingia akajiona. Akatabasamu kwanza. Picha ilikuwa nzuri.

Tony akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Erokamano, Mama. Asante sana. Hujui ulichonifanyia."

Filister akaniangalia kidogo. Hakumwelewa, lakini kwa adabu akajibu, "Sifa kwa Bwana," akaketi.

Liz akasema kwa Kiswahili kizuri, "Mama, maneno yako yalitugusa sana. Naomba niyasome." Akageukia ukuta akayasoma, polepole, kwa heshima kabisa, kama mtu anayesoma Zaburi. Niliandika nikiwa mahali ambapo hakuna mtandao. Nilipofika ufukweni, nikakuta haijapoteza hata neno moja.

Nilikuwa namwangalia Filister, na sitasahau. Alianza kutingisha kichwa kufuatana na maneno, kwa kuwa aliyajua. Kisha kichwa kikasimama. Midomo yake ikarudia lile neno, mtandao. Akaangalia picha, akaangalia maneno yaliyo chini yake, akaangalia ile Biblia yake mapajani. Hakuniangalia mimi bado.

"Ulianza kutumia Omena lini, Mama?" Liz akauliza.

Humo chumbani Tony na Mourine ni Wajaluo, Liz ni wa Nairobi, mzungu ni mzungu. Filister akanigeukia na kuniuliza kwa Kigusii, ambacho ni mimi na yeye tu tuliokijua, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, ulichukua maneno niliyomwambia Mungu?"

Wote walinitazama wakingoja. Tony alikuwa anatabasamu bado.

"Mama, nisamehe," nikamwambia kwa Kigusii. "Nitakueleza baadaye. Sema mwaka jana. Tafadhali, sema mwaka jana tu."

"Wataka niseme uongo."

"Kijana huyu ataharibikiwa, Mama."

Uongo mwingine huo. Tony hakuwa anaharibikiwa. Niliyekuwa naharibikiwa ni mimi.

"Anauliza kama ni lazima akumbuke mwezi," nikawaambia wageni, nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Filister aliishika Biblia yake kwa mikono miwili. Nimemjua tangu nikiwa mtoto. Sokoni kwake wanawake wengine huweka omena mbichi chini ya gunia na zilizokauka vizuri juu. Yeye hukumwagia zote mbele yako ujionee. Watu humkopesha, humwachia funguo za nyumba, humwachia watoto, na ukiuliza kwa nini wanakuambia, Filister hasemi uongo. Akamwangalia Tony, ambaye bado alikuwa amesimama karibu naye. Nadhani alimwona kuwa ni mtoto wa mtu.

"Mwaka jana," akasema.

Liz akaandika. Mzungu akatikisa kichwa kwa furaha. Wakamwuliza mengine mawili matatu, naye akajibu ndiyo, ndiyo. Mandazi hakugusa. Wakati wa picha ya pamoja Tony alimsimamisha katikati, na Biblia alikuwa ameiingiza ndani ya mfuko wa plastiki.

Kurudi Migori aliangalia nje ya dirisha safari nzima. Tuliposhuka nikaanza, "Mama, naomba..." akanikata kwa upole, "Usiku mwema, Nyakerario." Hakuniita mwanangu.

Jumatatu nilimfuata sokoni. Alinipimia gorogoro moja ya omena, akafunga vizuri, akaniambia, "Asante, customer," akamgeukia anayefuata. Ningependa angenipiga. Kofi ningeliweza. Hiyo customer nilienda nayo nyumbani nikalia mpaka pua ikaziba. Jumatano Tony aliniandikia kwamba Omena imechaguliwa, kwamba nimeokoa maisha yake. Sikumjibu.

Sabato ikafika. Nilifikiria kubaki nyumbani nikijifanya mgonjwa, lakini hata hilo lilikuwa uongo, na nilikuwa nimechoka kujibeba. Nikaenda. Baada ya chakula Mzee Motari akasimama mbele, akasugua mikono, akauliza nani ana ushuhuda. Shingo zote zikageuka upande mmoja, kama kawaida.

Filister akasimama.

"Sabato njema, wapendwa."

"Sabato njema!"

"Ule ushuhuda wangu mnaoujua," akasema, "mimi sina tena. Siwezi kuusema kwa mdomo huu. Uko kwa Nyakerario. Yeye atawaambia."

Akakaa.

Kanisa likapokea jambo hilo kwa shangwe. Walidhani mama anamwachia kijana taji. "Amina!" wakasema. Mama aliye pembeni yangu akanisukuma kwa kiwiko, "Simama, mwanangu, usiogope." Nikasimama. Nikafungua huu mdomo wangu, huu ambao haujawahi kukosa la kusema tangu utotoni, na hakikutoka kitu. Machozi yakaanza kutoka. Basi ikawa mbaya zaidi.

"Roho yuko hapa!" akasema mtu nyuma. Mwingine akavuta wimbo, wengine wakamfuata kwa sauti ndogo ya kunitia moyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Watu mia moja wananiimbia kwa sababu wanafikiri nimeguswa na Mungu, na mtu mmoja tu, mwenye nguo ya bluu, hakuimba.

"Nyamazeni," nikasema. "Tafadhali, nyamazeni. Mimi ni mwizi."

Wimbo ukakatika.

Nikawaambia. Sikupamba. Nilisema nilikaa kwenye benchi ile, nikasikia maneno ambayo mama alimwambia Mungu binti yake akikaribia kufa, nikayachukua nikayafanya tangazo. Nilisema nilimtoa Mungu, nikaweka kitu cha kompyuta. Nilisema nilimvalisha nguo ya Sabato nikampeleka Mbita, na huko nikamwambia aseme uongo, naye akausema, na uongo huo si wake, ni wangu. Nilitafuta neno zuri la kumalizia, kwa mazoea, nikalikosa. Nikabaki nimesimama.

Hakuna aliyesema amina. Mzee Motari alikuwa anaangalia dari. Mtoto mmoja akauliza mama yake kwa sauti, "Ameiba nini?" na mama yake akamziba mdomo.

Filister akageuka kwenye benchi yake, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Mbita. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu anayepima.

"Na yule kijana mwenye kitu chake," akauliza mbele ya wote, "aliyenishika mikono akanishukuru. Yeye umemwambia?"

"Bado, Mama."

"Basi hujamaliza," akasema. "Toka nje umpigie. Sisi tutangoja."